Tezo ya Tausi

Jumatatu, 12 Agosti 2024

Nimevuka mto na pantoni kutoka Pangani kwenda Bweni kumpelekea Tausi chakula. Wali, mchicha, kipande cha nguru. Tausi ni mjukuu wangu, mtoto wa marehemu mwanangu, na anaunda vyombo kiwandani kwa Idarusi. Mwanamke peke yake pale. Anachonga mbao, anasindilia pamba kwenye nyufa, vidole vinanuka mafuta ya papa hata Ijumaa. Nampenda mpaka namgombeza.

Nafika tu, Idarusi anapaaza sauti: "Wanaume! Njooni hapa!" Wakatupa vifaa, wakaenda. Tausi kainama palepale, anagonga. Nikamuuliza, wewe masikio umeyaacha nyumbani? Akasema hakuitwa. Wameitwa wanaume.

Haya! Na kilichokuwa kinasemwa huko si kidogo. Jumatano ya wiki ijayo, maji yakijaa, mashua inashuliwa majini. Siku hiyo waliokwiva watapewa tezo, lile shoka dogo la kuchongea mbao. Kijana akipewa tezo na Idarusi mbele za watu, keshakuwa fundi. Kiwanda chochote kuanzia hapa mpaka Moa kinampokea. Asiyepewa ni kibarua mpaka meno yamtoke. Na majina hayatajwi siku hiyo, wanaogopa husuda. Idarusi huita tu, "Wanaume mliokwiva, simameni," na anayejijua anasimama.

Sasa Tausi wangu atasimamaje?

Nimerudi na hasira mpaka nimesahau bakuli kwenye pantoni. Bakuli zuri, la maua.

Shule sikwenda mimi. Herufi nilizipata ukubwani, kwenye kisomo cha ngumbaru, na daftari hili kanipa Tausi. Lakini mpango kuupanga sikufundishwa na mtu.

Jumanne, 13 Agosti

Mpango wa kwanza: mkate wa kumimina. Idarusi ni shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu. Namjua tangu anafuta kamasi kwa kiganja. Nikamwekea mkate mbele, bado wa moto, iliki inanukia mpaka mtoni. Akiwa kinywa kimejaa nikamwambia: shemeji, hilo neno lako badilisha. Wapo wanaume na yupo Tausi.

Akasema ni neno tu. Ati Tausi naye yumo humohumo.

Nikamwambia vizuri, basi kesho ita "Wanawake!" tuone wangapi watakuja, maana nao si watakuwa humohumo? Akacheka mpaka chai ikampalia. Ati neno la babu yake. Ati hakuna chombo kilichotoka pwani hii bila neno hilo. Akala mkate wote. Sahani akanirudishia tupu! Mtu mwenye adabu harudishi sahani tupu, hata ndimu moja ataweka.

Mpango wa kwanza: umeliwa.

Alhamisi, 15 Agosti

Nimepata njia! Si lazima kumgeuza Idarusi. Namgeuza Methusela.

Methusela ndiye mwimbishaji. Chombo kikivutwa, yeye huita "Wanaume!" na wote hujibu "Tupo!" na hapo kwenye "Tupo" ndipo kamba inavutwa. Sauti anayo. Kwaya ya Walutheri inamtegemea. Nikamwahidi biriani ya kuku, yake peke yake. Akasema kwa biriani ataita hata malaika. Tukatunga wito mpya chini ya kibanda cha chai. Nilitaka asiachwe mtu. Ukatoka hivi: "Enyi mafundi, wake kwa waume, mlioshika kamba!"

Mzuri mno. Methusela akauimba pole pole, nikalengwalengwa na machozi.

Idarusi hajui lolote. Jumamosi wanaisogeza mashua kutoka bandani hadi ukingoni. Watu wakishaizoea sauti hiyo, Jumatano Idarusi atasemaje tena "wanaume"? Ataona haya.

Jumamosi, 17 Agosti

Lahaula.

Methusela kaita vizuri, simlaumu. Alipofika "mafundi", wa kushoto wakavuta. Alipofika "waume", wa kulia wakavuta. Waliokuwa nyuma walingoja mpaka "kamba", wakavuta na wao. Mashua ikaruka kama mbuzi. Ikatoka juu ya vigogo, ikalalia kiti cha Idarusi. Kiti nyang'anyang'a. Idarusi mwenyewe alikuwa kaenda kusali, Mungu kamwokoa, ingawa sijui kwa nini.

Na ubao mmoja ukapasuka. Ulikuwa wa Tausi. Ule aliouchonga tangu Mfungo Tatu, akawa anaupapasa kama mtoto.

Methusela kunitaja hakuchelewa. Hata kuku sijamchinja, keshanitaja! Idarusi akanifokea mbele ya vibarua: shemeji, ungeua watu kwa mdomo wako! Nikajibu kwamba mdomo wangu haukushika kamba.

Tausi hakunifokea. Hilo ndilo limeniuma. Akapiga magoti, akaanza kuung'oa ubao. Baadaye akaniambia kwa sauti ya chini: Bibi, neno "Mafundi" peke yake lilitosha. Fupi. Linavutika.

Sasa kwa nini hakusema mapema?

Jumapili, 18 Agosti

Mpango wa tatu: mgomo. Karamu ya kushua mashua huwa napika mimi na wapishi wa jiko langu. Nimempelekea Idarusi salamu: neno libadilike, ama hakuna pilau. Watu watashua mashua na matumbo yanalia.

Jikoni nikawakusanya. "Wanawake!" nikawaambia, "safari hii hatupiki!" Wakashangilia. Tahiri naye alikuwepo, anamenya vitunguu. Huyo kafiwa na mke, ana ndevu mpaka kifuani, na mkono wake wa pilau unawashinda wote. Akaniuliza tena, lini nitampa mwiko. Maana niliyempa mimi mwiko mbele za watu huitwa kupika harusi, anakuwa mpishi mwenye jina lake. Nikamwambia asubiri, sasa tuna vita.

Alasiri napata habari Beatrisi kamwambia Idarusi yeye atapika! Beatrisi jirani yangu! Wazee wake walishuka kutoka Lushoto kuja kukata mkonge, mimi ndiye niliyemfundisha kukuna nazi, leo ananichomea? Nikamwendea mbio. Akasema bila hata kupepesa: bibi, watu hawatalala njaa kwa neno moja, na Tausi hatapata tezo kwa sababu ya njaa ya watu.

Nikamwambia pilau yake ni uji wenye nyama.

Mgomo umekwisha. Siwezi kuacha Pangani nzima wale uji ule.

Jumatatu, 19 Agosti

Ushindi! Nalia kwa furaha, wino unatawanyika.

Idarusi kaja mwenyewe, na ndimu mbili kwenye mfuko. Kakaa kibarazani. Kasema amefikiri. Ubao wa Tausi keshautazama, umerudi kama haukupasuka. Kasema Jumatano ataita mafundi, wake kwa waume, kila mtu asikie. Methusela naye ataita "Mafundi!" basi. Nikamwapisha. Akaapa.

Nimemwambia Tausi. Akauliza: na tezo? Nikamwambia mwanangu, ukishaitwa, unasimama. Ukishasimama, atakupa nini kingine?

Jumatano, 21 Agosti

Niandike yote au nisiandike? Naandika.

Ubani, dua, pilau. Pilau yangu, punje mbalimbali, watu wanajilamba. Methusela akaita "Mafundi!" na mto mzima ukajibu "Tupo!" na Tausi yumo kwenye kamba, mbele kabisa, misuli imemsimama kama ya baba yake. Mashua ikateleza majini kama sabuni. Haikuvuja hata tone.

Idarusi akapanda juu ya gogo. Kanzu nyeupe. Akasema, kwa sauti nzuri, alikuwa kajizoeza kabisa: "Ndugu zangu mafundi, wake kwa waume! Mliokwiva, simameni!"

Watu wakapiga makofi. Mgeni mmoja kutoka Tanga mjini akasema hii ndiyo pwani ya kisasa.

Wakasimama watatu. Yasini, Bryson, na Tausi wangu.

Idarusi akaingiza mkono kapuni. Yasini akapewa tezo. Yasini, ambaye misumari yake ilibidi Tausi aing'oe na kuipiga upya! Bryson akapewa tezo. Zamu ya Tausi. Nikaona mkono unaingia kapuni, sikungoja, nikapiga vigelegele. Nikivianzisha mimi wanawake wote hupokea. Pwani nzima ikalia.

Mkono ukatoka na doti ya kanga.

Na vigelegele bado vinaendelea! Ningevimeza vipi? Idarusi anatabasamu uso mzima, ati na binti yetu hatukumsahau. Tausi akaipokea kwa mikono miwili. Akasema asante babu. Akakaa.

Nilimfuata Idarusi mpaka nyuma ya banda. Nikamuuliza tezo iko wapi? Kashangaa kweli, si kwa kujifanya, na hilo ndilo baya. Akasema: shemeji, wewe ulidai neno. Neno si nimekupa?

Ijumaa, 23 Agosti

Tausi kaondoka na basi la asubuhi. Anakwenda Tanga, kwa mjomba wake Makorora. Ati kuna mtu anaunda boti za plastiki, huyo haulizi tezo ya nani. Anauliza unajua au hujui.

Mbao ndizo alizozipenda tangu mdogo. Alikuwa akinusa msonobari na mvule kama wenzake wanavyonusa asumini. Plastiki inanukia nini?

Nimemkaangia samaki, nimemfungia mikate, nimemtukana dereva mapema ili aendeshe kwa adabu. Nikamwambia nisamehe, neno lilikuwa sawa, mtu ndiye hakuwa sawa. Akanishika mkono. Akasema: Bibi, angeniita hata punda ningeitika, mradi tezo iwe mkononi. Ulivyopigania nimeona. Lakini uliniuliza lini nataka nini?

Nikaanza kufunga upya mikate iliyokwisha kufungwa.

Patasi yake na keekee ya kutobolea mbao kazifunga ndani ya ile kanga.

Nimekaa mpaka basi limepotea, nikakaa tena. Nimemwapiza Idarusi: ale, asishibe. Jambo liko wazi, mtu ana kazi mikononi mwake, naye anampa kitambaa! Moyo gani huo? Macho gani?

Jumapili, 25 Agosti

Harusi ya mtoto wa jirani mwingine. Masufuria makubwa sita, moto wa kuni, moshi mpaka kwenye ubongo. Imenisaidia kusahau. Tahiri kashika masufuria mawili peke yake, yote yametoka punje mbalimbali. Hafsa, mmoja wa wanawake wangu wa jikoni, moja tu, nalo limeshika chini.

Bwana harusi alipokwisha kula nikasimama katikati ya uwanja na miko mipya mkononi. Ilikuwa imefika siku ya kutoa. "Wanawake!" nikaita. "Mliokwiva, njooni!"

Wakaja. Tahiri kachutama palepale, anachochea moto. Nikamuuliza, masikio umeyaacha wapi? Akasema hakuitwa.

Jamani! Nilicheka mpaka nikashika nguzo ya turubai. Dume zima na ndevu zake, limenuna! Nikamwambia ni neno tu hilo, Tahiri. Na wewe umo humohumo. Bibi yangu aliita hivyo, na karamu zote za Pangani zimepikwa kwa neno hilo.

Beatrisi aliacha kuosha masinia, akawa ananitazama. Nikamuuliza nina masizi usoni? Akasema hapana, bibi. Endelea.

Hafsa akapata mwiko. Mdogo wake akapata mwiko. Na Tahiri sikumsahau, mimi si Idarusi! Nilikuja nayo kabisa kutoka nyumbani: kofia ya marehemu mume wangu, ya kushonwa kwa mkono, nyeupe kama jana. Nikampa mbele za watu. Vigelegele nikaanzisha mwenyewe, na safari hii nilijua kilichomo mkononi.

Akaipokea kwa mikono miwili. Akasema asante bibi. Hakuivaa. Akaitia mfukoni, akarudi kwenye moto.

Wanaume bwana. Sijui hata alikuwa anataka nini.