Tyubu Inayosikia Mawe

Jumatatu, 5 Juni 1995. Mbinga.
Siku kubwa! Bartholomayo, muuza vyuma chakavu, ameleta sokoni tyubu mbili za kijeshi kutoka ng'ambo ya Ruvuma. Ndizo nilizozitafuta kwa mashine yangu ya Gaiga: mionzi ikipita ndani ya tyubu, spika inalia tik. Tunduru wamepata vito. Mimi nitapata urani, madini yanayotoa mionzi, niachane na kutengeneza redio za watu.

Tyubu moja ya chuma, nene kama kidole. Nyingine ya kioo, mdomoni ina utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu. Mwalimu Winifrida wa fizikia alishauri ya chuma: haiisikii mionzi dhaifu, lakini ni ngumu. Nilimshukuru sana. Nikachukua ya kioo. Damiano, fundi mwenzangu na adui yangu, akachukua ya chuma huku akicheka. Acheke!

Jumanne, 6 Juni.
Utando umepasuka. Niliufuta vumbi kwa kidole. Taratibu kabisa! Gesi imetoka, tyubu imekufa. Nimemficha mke wangu Notburga habari hii. Ameshajua.

Alhamisi, 8 Juni.
Nimemwangukia Damiano. Yeye ana tyubu, mimi nina transfoma ya kupandisha umeme wa betri. Amekubali tushirikiane, ila jina lake litangulie langu. Aibu!

Tukaunganisha. Mezani hapakuwa na jiwe wala chochote. Tik. Kimya. Tik-tik. Damiano akavua kofia. Notburga akauliza nani anabisha hodi.

Mwalimu Winifrida kasema ni kawaida: mionzi mingine inatoka kwenye udongo na mawe, hata matofali ya nyumba, mingine inashuka kutoka mbali kuliko jua, na inatupita mwilini usiku na mchana. Nilikitazama kiganja changu kwa muda mrefu. Kumbe nimeishi miaka yote hii ndani ya mvua nisiyoiona.

Jumamosi, 10 Juni. Mbamba Bay.
Damiano kadai urani imejificha chini ya ziwa. Wazo hilo lilikuwa langu! Tukapanda mtumbwi wa mvuvi mmoja, Edmund. Ufukweni, tik nyingi. Kilindini zikapungua, zikapungua. Damiano akanituhumu kulegeza waya. Nikamwambia tyubu ni yake. Nusura tupinduke.

Ndipo nikaelewa. Maji yameyafunika mawe, mionzi yake haitufikii. Hizi tik chache zinatoka juu tu. Nikawaambia.

"Inatoka wapi hiyo, fundi?" Edmund akauliza.

Nikanyoosha kidole juu. Anga tupu, mchana kweupe.

"Na sisi inatupata?"

"Na sisi."

Akaweka kasia chini. Tik. Sijawahi kusikia ziwa likiwa kimya vile.

Jumapili, 11 Juni.
Baada ya misa Mwalimu Winifrida aliniambia nimeshuhudia jambo kubwa kuliko urani, niridhike. Nilikubali kwa moyo wote. Machozi yalinilengalenga.

Halafu nimelitafakari kutwa. Nchi kavu madini ni machache. Ziwani hamna. Juu yanamiminika bila kukoma! Nimemwapisha Damiano asimwambie mtu. Kesho tunaazima ngazi ya kanisani. Notburga ameuliza huko juu nitachimba vipi. Nimemjibu hayo ni mambo ya kitaalamu.