Mikono ya Nyuma, Mkate wa Mbele

Ndugu Mhariri,

"Dukani kwetu hatumbagui mtu. Tunawaweka mbele wale ambao wateja wamewazoea." Ndivyo alivyoandika gazetini mwako juma lililopita mwenye duka la mikate la mtaani kwetu, akiwajibu wanaolalamika kwamba kaunta yake ni ya weupe watupu na tanuri lake ni la weusi watupu. Nilisoma, nikavua miwani, nikaifuta, nikasoma tena. Mtu huyu ana hoja. Kosa lake ni kuishia njiani.

Mpwa wangu ni mmoja wa hao weusi. Kwa miaka mingi amekanda unga huko nyuma. Mwezi uliopita akapandishwa kaunta, akanunua na viatu vipya. Haikupita wiki, mama mmoja akamwuliza kwa upole kama hakuna mtu mwingine wa kumhudumia. Jioni hiyo mpwa wangu akarudishwa tanurini, na nafasi yake akapewa msichana mweupe aliyeajiriwa majuzi. Naandika basi kuwatetea wateja, maana wao ndio hasa wanaodhulumiwa.

1. Wateja hawalindwi ipasavyo. Mkono usiofaa kukabidhi mkate uliofungwa kwenye karatasi ndio huo huo uliozama kwenye unga mpaka kiwiko. Mkono huo unazuiwa kugusa karatasi, kisha mteja anaachiwa ale ulichokikanda. Kama pana hatari, mwenye duka avue saa yake, aingie nyuma, akande mwenyewe.

2. Mkate wenyewe hauna adabu. Simama pale asubuhi uone watu wanavyochagua. Uliopauka wanausukuma pembeni, wanasema haujaiva. "Nipe ule uliokolea rangi," anasema mama yule yule, kwa sauti ya mahaba kabisa. Ama mikate yote ipauke, ama tuelezwe mapenzi hayo yanakatikia wapi kati ya tanuri na kaunta.

3. Hili la kuzoea. Mpwa wangu yuko nyuma kwa kuwa hajazoeleka, na hazoeleki kwa kuwa yuko nyuma. Mwenye duka amefunga mlango, ameutia ufunguo mfukoni, kisha anashangaa mbona hakuna anayeingia. Lakini tukiifuata kanuni yake, tuifuate yote. Muuguzi asiyezoeleka asimchome mgonjwa sindano ila kupitia tundu la ukutani. Mwalimu asiyezoeleka afundishe akiwa kabatini. Na mpwa wangu, akienda kazini, atembee na gunia kichwani, asije akamzoesha mtu njiani bila kibali.

4. Hapa sina mzaha. Binti wa mpwa wangu, ambaye hata shule hajaanza, alikuwa uani akicheza duka na watoto wa jirani. Hakuna aliyempangia kazi. Alichukua kopo lake la udongo, akaenda kujibanza nyuma ya mlango wa jikoni. Nikamwuliza mbona hauzi.

"Mimi nakanda, babu. Mbele ni pa yule," akasema, akimwonyesha mwenzake mweupe.

Mwenye duka hajawahi kumtia machoni mtoto huyu, na tayari amekwisha kumwajiri.

Basi ninyi mnaonunua mkate pale kila asubuhi, na hasa wewe mama wa mkate uliokolea, kesho ulizeni nani ameukanda. Msitoe mkono kuupokea mpaka atoke awakabidhi yeye.

Nisalimie wapanga kurasa, mhasibu, mlinzi wa getini na yule anayewachemshia chai, popote mlipomweka.

Ni mimi, msomaji wako asiyemeza kabla ya kutafuna.

Nyongeza: Bahasha nilikwisha kuifunga, nikalazimika kuifungua. Kijana wangu ametuletea mchumba, na ni yule msichana mweupe wa kaunta. Ana heshima, ana kicheko kizuri, mimi binafsi sina neno naye. Ila Jumapili wanakuja shangazi zangu na ukoo mzima, nao hawajamzoea. Nimemwomba basi akae jikoni asaidie vyombo mpaka wageni waondoke. Mpwa wangu, aliyekuwa akipanga viti sebuleni, alisema: "Mjomba, basi mpe na aproni yangu."

Tafadhali Mhariri, barua ichape yote, lakini nyongeza hii itupe. Wasomaji wako hawajanizoea hivi.