Watu Arobaini na Mmoja Kwenye Chumba cha Pasi

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimepewa kazi ya maana! Mama mkwe anafua nguo za hoteli, na chumba chake cha pasi kinahitaji kiyoyozi. Chumba hicho ni tanuri. Wiki iliyopita mpiga pasi mmoja alizimia juu ya shuka za watu. Wenzake watatu wamesema kiyoyozi kikishindwa, wanaondoka wote. Mama mkwe hajawahi kuniamini hata kumshikia mwavuli. Namshukuru Mungu kwa nafasi hii.

Bosi amesema joto la chumba tulipigie hesabu wawili, mimi na Penseli, kila mtu kivyake. Penseli ni mhandisi mwenzangu, ana miaka sitini, bado anahesabu kwenye karatasi. Masikini! Mimi nina programu. Dakika mbili tu: kilowati sita. Nikaenda zangu kunywa chai.

Jumanne, 4 Machi

Penseli kapata kumi na nne. Nimecheka mpaka basi. Kisha nikafungua faili langu kimyakimya. Lo! Kwenye aina ya chumba niliacha "ofisi". Programu ilidhani wale watu wamekaa wanasoma barua. Pasi haimo hata moja. Ahsante Mungu hakuna aliyeona.

Kuanza upya? Na bosi anakuja saa nne? Nikapata akili. Nikawa naongeza watu tu, mpaka programu ikasema kumi na nne. Walifika arobaini na mmoja. Nikamwambia bosi programu imetafakari upya na inakubaliana na mzee. Bosi akafurahi: njia mbili, jibu moja! Ataagiza kiyoyozi cha ukubwa huo Ijumaa.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa. Jana Penseli alishinda kwenye chumba cha pasi na kipimajoto chake. Leo katangaza mbele ya ofisi nzima kwamba alikosea: alisahau joto la bati linalopigwa jua. Jibu ni kumi na tisa. Mtu gani hujitangazia kosa?

Bosi akanigeukia, akauliza imekuwaje programu nayo ikasahau bati lilelile. Nikasema programu ina heshima kwa wakubwa. Hakucheka. Akafungua faili, akawaona watu wangu, akauliza kama mama mkwe anafua nguo au anaozesha binti.

Nilijua nimekwisha. Aliyeniokoa ni Penseli! Akavuta kiti, akasema programu haina kosa, imejibu ilichoulizwa. Tukaingiza vilivyomo kweli: watu wanne, pasi sita, mvuke wake, bati, dirisha la magharibi. Kumi na tisa na nusu! Nilitaka kulia. Nimemshukuru mpaka akaniomba nimwachie mkono.

Jumatano, 12 Machi

Kiyoyozi kinafanya kazi. Yule aliyezimia leo amevaa sweta! Hakuna aliyeondoka. Mama mkwe ameniita mwanangu, mara ya kwanza tangu nioe, na nimeoa miaka tisa. Nilitaka kumwambia ni kazi ya Penseli, ila alikuwa katikati ya kunisifu, na si adabu kumkatiza mkubwa. Moyo wangu umejaa shukrani.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua zimeanza na shuka hazikauki. Mama mkwe ameniomba mimi, mwanawe, nimtafutie mashine ya kupasha joto chumba cha kukaushia nguo. Penseli kasema tusubiri Jumatatu, twende tukapime kwanza. Tupime nini, na faili sahihi ninalo? Amelihakiki mwenyewe!

Nimebadilisha jina tu. Palipoandikwa "pasi" nimeandika "kukaushia", mengine yote nimeyaacha yalivyo. Jibu limetoka lilelile, kumi na tisa na nusu, hata sikungoja. Nimeagiza mashine pacha wa kile kiyoyozi cha kwanza. Nimemwambia mama alete shuka zote za hoteli, mbichi hivyohivyo. Akasema Mungu anibariki. Tayari amenibariki!