Mama, Usiniambie Kasoro

Kibao cha "Nyumba Inauzwa" kilipotundikwa kwenye geti la Bibi Mkunga kilikuwa chekundu. Siku Shwari alipokiona kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, msumari mmoja umeng'oka, na nyuma yake ndege wawili walikuwa wamejenga, wamelea na wamehama. Mtu wa kawaida angesema hapa pana walakini, angepita zake. Shwari alivua kofia, akainamisha kichwa kwa adabu, kama mtu aliyefika kwenye kaburi la tajiri asiye na mrithi. Nyumba iliyokaa sokoni miaka mitatu ina mwenyewe aliyechoka, na mtu aliyechoka hutia saini bila kusoma.

Jina lake la kuzaliwa halikuwa na kazi tena. Watu walimwita Shwari kwa sababu hapakuwa na balaa ungeweza kumpelekea akakosa kukujibu hivyo. Ulimwambia gari alilokuuzia limezimika katikati ya daraja: shwari. Kiwanja alichokuonyesha kina msikiti juu yake, na watu wako ndani wanaswali: shwari. Alikuwa dalali wa kila kitu kisichokuwa chake. Alimiliki suti moja, jozi mbili za viatu, gari moja, akiba ya miaka ishirini, na ulimi ambao ungeweza kumuuzia samaki mwavuli.

Mwenye nyumba alikuwa mkunga mstaafu. Kwa miaka arobaini alipokea watoto wa mji ule, na sasa magoti yake yaligoma kupanda ngazi. Binti yake, upande wa pili wa mji, alikuwa amemwandalia chumba chenye dirisha na jua la asubuhi. Kilichobaki ni nyumba kuuzika.

Haikuuzika, kwa sababu chini ya sebule palikuwa na chemchemi. Aliyejenga aliikuta, akaifukia, akamwaga zege juu, akaishi kiangazi kimoja kwa raha na akafa kabla ya mvua. Jua likiwaka, chemchemi inalala. Mvua kubwa zikianza inaamka, inapenya sakafuni, na kwa wiki sita nzima sebule inakuwa na maji ya kufika vifundoni. Ikichangamka, magotini. Bibi Mkunga alikuwa mkweli wa kujiumiza. Kila mnunuzi aliyekuja alimweleza habari ya maji, mnunuzi akamshukuru, akamaliza chai, akaenda moja kwa moja. Mvua tatu zilikuwa zimempata akichota sebule yake kwa ndoo. Ya nne ilikuwa mwezi mmoja mbele, na magoti yale yasingeiweza.

Ndipo Shwari akabisha hodi.

Alizunguka vyumba vyote, mikono nyuma, akitikisa kichwa kama daktari anayekwenda kutoa habari njema kwa bei mbaya. Halafu akamwambia mwenye nyumba kwamba nyumba haina neno, ila haijavishwa. Hata msomi wa digrii mbili akienda kutafuta kazi na kaptura, atarudishwa getini. Yeye, Shwari, angeivisha suti.

"Sawa, mwanangu," Bibi Mkunga akasema. "Ila kabla hujaanza, kuna jambo la hapa sebuleni."

Shwari akainua kiganja kama askari wa barabarani. "Mama, usiniambie kasoro."

"Si utaulizwa?"

"Nitaulizwa, na nitaapa kwamba sijui. Nitakuwa nasema kweli tupu. Nisichokijua siwezi kukidanganya. Miaka ishirini kwenye kazi hii, mama, sijawahi kusema uongo hata mmoja."

Hiyo ndiyo ilikuwa dini yake ya biashara, na alikuwa muumini wa kweli. Alitembea hata na karatasi yake, aliyoitunga mwenyewe na kuichapisha kwa wingi. Ilisema mnunuzi ameiona mali kwa macho yake, ameridhika nayo kama ilivyo, na hatarudi kwa muuzaji wala dalali kwa jambo lolote, liwe la juu, la chini au la ukutani. Karatasi ile ilikuwa imewaliza wengi. Wengine walilia mpaka wino ukachuruzika.

Kazi ikaanza kwa kutoa vitu. Shwari alieleza kwamba mnunuzi anataka kuona maisha yake yajayo, na hawezi kuyaona akiwa amezibwa na maisha ya mwingine. Kwa hiyo likatoka kabati kubwa la mbao ngumu, la urithi, lililohitaji wanaume wanne. Ikatoka saa ya ukutani ambayo hospitali ilimpa Bibi Mkunga siku ya kustaafu. Vyote vingehifadhiwa stoo kwa Shwari, salama salimini. Stoo yenyewe ilikuwa duka la samani kuukuu nyuma ya soko, ambako mwenye duka alimpa Shwari chake mkononi hata kabla kabati halijashushwa.

Halafu akaja fundi rangi. Kabati lilipoondoka, nyuma yake ukutani ulionekana mstari wa kahawia, wa kimo cha goti, ulionyooka kama umepigwa kwa rula, ukizunguka sebule nzima. Fundi akauchuchumalia.

"Bosi, huu si uchafu. Hapa inaonekana pana—"

"Fundi, wewe unalipwa kupaka au kusimulia?"

"Kupaka."

"Paka."

Fundi akapaka. Alipaka mikono miwili ya rangi, na wa tatu kwa ajili ya dhamiri yake.

Kuna watu wanaojua kuvisha nyumba, tuwape haki yao. Shwari alikodi kochi jeupe, la kulipia kwa siku, kochi ambalo ukilikalia unajisikia umefaulu mtihani. Alikodi meza ya kioo na zulia la manyoya. Akaweka bakuli la malimau ambayo hakuna aliyekusudia kuyakamua, na vitabu vitatu vinene vya sheria, kimoja kikiwa kichwa chini. Uani akaegemeza baiskeli ya mtoto ingawa mtoto hakuwepo. Balbu zote akazibadilisha, mapazia akayapandisha hadi darini ili madirisha yaonekane marefu, na kila mgeni alipokaribia kufika, jikoni alipasha mkate uleule wa juzi, nyumba ikanukia kama mahali ambapo watu hawagombani.

Bibi Mkunga alirudi jioni kutoka kwa binti yake, akafika mlangoni, akabisha hodi nyumbani kwake mwenyewe.

"Nzuri kweli," akakiri. "Lakini mwanangu, lile jambo la sebuleni—"

Kiganja kikapanda. Ilikuwa mara ya pili.

Siku iliyofuata Bibi Mkunga alikwenda kutafuta dawa ya kuchua magoti, na njia ya duka la dawa inapita nyuma ya soko. Hapo akasikia saa ikigonga. Mtu hukosea sura ya jirani yake, lakini saa iliyomwamsha miaka kadhaa hawezi kuikosea mlio. Akaingia dukani. Ilikuwa ukutani, na chini yake kabati la urithi limebandikwa bei. Akamuuliza mwenye duka kwa upole nani aliyeleta vitu vizuri namna ile, naye akamtaja bila hiyana: bwana mmoja wa suti, anaitwa Shwari.

Hakupiga kelele. Mtu aliyesimamia uzazi miaka arobaini anajua kwamba kelele ni za mwingine, yeye kazi yake ni kungoja wakati. Alimwomba mwenye duka amwekee vitu vile wiki mbili, kisha akatembea polepole hadi kwa Bwana Magodoro.

Bwana Magodoro alikuwa na maduka matano ya magodoro na tumbo lililothibitisha ubora wake. Alizaliwa mikononi mwa Bibi Mkunga, saa saba mchana, na tangu siku hiyo hajawahi kuchelewa chakula. Bibi alimweleza kila kitu, chemchemi, kabati, saa na kile kiganja. Akamwomba aje kuitazama nyumba kama mnunuzi, na akamwekea sharti moja tu: asiseme uongo. Mazungumzo yakachukua vikombe viwili vya chai. Mara mbili mhasibu alichungulia kuona bosi anacheka nini.

Kesho yake gari refu jeusi likasimama getini. Shwari akaufungia mkate wake ndani ya oveni haraka, akatoka na tabasamu la mlangoni. Bwana Magodoro alizunguka nyumba kimya. Alikaa kwenye kochi jeupe, likalia. Alikanyaga zulia, akalikanyaga tena kwa kisigino, akatazama sakafu kwa muda mrefu kama mtu anayesikiliza.

"Mimi," akasema hatimaye, "nyumba isiyo na kasoro naitolea mara mbili ya bei ya soko, na sibishani. Ila nasafiri. Nikirudi baada ya wiki mbili nitapenda kuzungumza na mtu mmoja tu, mwenye hati. Madalali wananipa kiungulia."

Akaondoka. Shwari alibaki getini, moyo ukimpiga kama ngoma ya kukodi. Mwenye hati! Kama mwenye hati ni ajuza, mara mbili ya bei itamwendea ajuza, na Shwari atabaki na kamisheni ya kununulia soksi. Lakini kama mwenye hati ni Shwari? Aliingia ndani, akajitazama kwenye meza ya kioo aliyoikodi mwenyewe, akajiona mwenye nyumba. Hapo ndipo alipouziwa mbuzi kwenye gunia, tena gunia alilolishona kwa mkono wake.

Aliuza gari lake. Alitoa akiba yake yote, na ile ya mkewe ambayo mkewe alidhani haijulikani iliko. Kisha akamwendea Bibi Mkunga na sura ya huzuni, akamwambia soko ni gumu, yule tajiri kasafiri, lakini yeye Shwari, kwa kumwonea huruma mama kama mama yake, yuko tayari kuibeba nyumba mwenyewe. Kwa bei ya kupungua kidogo.

Bibi Mkunga alisema bei yake ni ileile ya miaka mitatu, haipungui hata kwa machozi. Tena akaongeza ombi dogo. Kabati lake na saa yake vipo stoo kwa Shwari, na yeye hana nguvu ya kuhamisha tena. Basi avinunue na hivyo, kwa bei ya haki, mambo yaishe.

Shwari alipiga hesabu. Angekataa, angeulizwa viko wapi. Akalipia vitu alivyokwisha kuviuza, na akalipa huku anashukuru.

Walikutana ofisini kwa wakili, shahidi akiwa fundi rangi, aliyeitwa na Bibi Mkunga mwenyewe. Wakili alipotaka kuandaa mkataba, Shwari alimzuia kwa fahari na kutoa karatasi yake. Hapa kuna kila kitu, alisema. Wakili akaisoma, akamtazama juu ya miwani, akaisoma tena.

"Ni wewe unayenunua?"

"Ni mimi."

"Na karatasi hii inamlinda anayeuza."

"Mheshimiwa, nimeitumia miaka ishirini. Haijawahi kushindwa."

Bibi Mkunga akakohoa. "Kabla hajasaini, wakili, niseme jambo la sebuleni. Nisiposema sitalala."

Kiganja cha Shwari kilikuwa tayari hewani. "Mama, usiniambie kasoro. Nitakapoiuza nataka niape kwa moyo mweupe."

Fundi rangi alitazama dari. Wakili, ambaye alikuwa mtu wa utaratibu, akachukua kalamu na kuongeza mstari mmoja chini: muuzaji alitaka kueleza, mnunuzi akakataa kusikia. Shwari akasaini hapo pia, kwa mkunjo wa madoido.

Mvua ilianza siku ya kumi na mbili tangu tajiri aage. Siku ya kumi na nne Bwana Magodoro alifika kama alivyoahidi, akafunguliwa mlango na mwenye hati. Mwenye hati alikuwa amekunja suruali hadi magotini. Nyuma yake zulia la manyoya lilikuwa limelala kama mnyama aliyezama, na malimau yalikuwa yanaogelea mojamoja kuelekea jikoni.

"Ni ya muda tu," Shwari akasema. "Hali ya hewa."

"Nilisema isiyo na kasoro," Bwana Magodoro akajibu kwa masikitiko ya kweli, na kabla ya kuingia garini akamwachia kadi ya duka lake, endapo atahitaji godoro kavu.

Shwari alikwenda kwa miguu hadi upande wa pili wa mji. Njiani aliandaa hotuba yenye neno mahakama mara nne. Mlango ulifunguliwa na Bibi Mkunga mwenyewe, akamkaribisha, akamwomba avue viatu tu, maana vinalia. Ndani, ukutani, saa ya hospitali ilikuwa inakwenda vizuri. Chini yake lilisimama kabati la mbao ngumu, limepigwa polishi. Hotuba ikamkauka mdomoni, na ndicho kitu pekee kilichokuwa kikavu mwilini mwake.

"Mama," akasema kwa sauti ndogo, "ulijua."

"Nilijua. Nilitaka kukwambia mara tatu. Ya tatu imeandikwa." Akammiminia chai. "Kunywa, utapata homa. Hata wewe nilikupokea mimi, unajua? Wodi ya pili, kitanda cha dirishani. Ulitanguliza miguu. Nikamwambia marehemu mama yako: huyu atakuwa mtu wa kuingia mahali kabla ya kuchungulia."

Shwari alikunywa chai yote. Alipokuwa akihangaika na kamba za viatu vilivyolowa, Bibi Mkunga alimwuliza kama yuko salama. Akakaza fundo la mwisho, maji yakachuruzika kiatuni.

"Shwari, mama."

Kisha akatoka mbio mvuani, kwa sababu lile kochi jeupe lilikuwa bado la kulipia kwa siku, na alipoliacha lilikuwa limeshaanza kunyanyuka sakafuni, upande mmoja, likitafuta mlango.