Nilivyompeleka Mjukuu Siye kwa Masista

Ninyi vijana wa nyumba hii, na ambao bado hamjazaliwa, mkilikuta daftari hili kaeni chini msome kwa adabu. Leo nimeumbuka. Hakuna aliyenisingizia. Nimejiumbua mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya sista na benchi zima la wazazi, na naandika sasa hivi kabla sijapata nafasi ya kutunga utetezi.

Habari yenyewe ni ya Paskalina, binti wa mwanangu Yakobo. Ana miaka tisa, yuko darasa la tatu, na hajui kusoma. Si mjinga. Mtume kwa watu watano na maneno matano, atayafikisha yote bila kupunguza hata kikohozi. Lakini mpe ukurasa uone. Anasema herufi hazitulii, zinatembea kama siafu. Shuleni kwao watoto wamejaa mpaka wengine wanakaa chini, na mwalimu hana muda wa kusikiliza habari za siafu. Amesema muhula huu ukiisha bila Paskalina kusoma, abaki nyumbani na mbuzi.

Mimi nami nimemchapa. (Niliandike tu, maana leo si siku ya kuficha.) Nilijifunza kusoma kwenye kisomo cha watu wazima, tayari ninaitwa bibi, kwa kibatari kinachotoa moshi kuliko mwanga. Nikawaza, kama mimi niliweza, mwenye macho mapya anashindwaje? Ni uvivu.

Basi Jumapili, mwisho wa misa, katekista akasimama na matangazo. Akasema masista wa njia ya Nangara wanafungua darasa dogo kwenye shule yao, watoto kumi na wawili tu, walimu wake wamesomea kazi hiyo, usaili ni Jumatano. Nikatega sikio. Hapo hapo mtu akanong'ona nyuma yangu kwamba lori la sabuni limeshusha kwenye duka la ushirika.

Wajukuu, naomba Mungu mtakapolisoma hili sabuni iwepo, kwa hiyo nawaeleza. Mwaka huu tunafua kwa majivu na majani ya mpapai. Ukionekana na miche miwili ya sabuni unaitwa mlanguzi. Kwa hiyo upande mzima wa akina mama uliinuka kama vile injili inasomwa, tukatoka. Matangazo yaliyobaki katekista aliwatangazia wanaume na mabenchi.

Duka lilikuwa limefungwa, wanasubiri kibali cha wilaya, wataanza kugawa Jumatano. Foleni lakini haisubiri kibali. Kila mtu anaweka jiwe lake kwenye mstari anaenda zake shambani, na jiwe linasimama badala yake, watu wanaliheshimu kama mwenyewe. Nikaweka langu, nikarudi kijijini kwetu Nakwa.

Nyumbani tukajadili shule. Za kulipia tulizozijua zilikuwa mbili. Ya Walutheri inasifiwa, lakini ni ya bweni na ni mbali, na mtoto akilia huko nani atamsikia? Ya masista ni ya kwenda na kurudi. Nikaamua ni ya masista. Yakobo akasema usaili Paskalina hauwezi. Nikamwambia najua.

Hapo ndipo nilipojiona nina akili. Emiliana, mjukuu wangu mwingine, bint'ami yake Paskalina, wanalingana urefu, na yeye anasoma hata karatasi iliyofungia chumvi. Nikawaza: kama jiwe linasimama badala ya mtu mzima kwenye foleni na hakuna anayeliuliza, Emiliana atashindwaje kusimama badala ya Paskalina asubuhi moja? Akishapata nafasi, tunabadilisha. (Kwamba sista naye ana macho, sikulifikiria.) Mama Paskalina alifungua mdomo kusema kitu. Nikamwangalia. Akaendelea kuchambua maharage.

Jumatano ndiyo leo. Asubuhi nikamtuma Paskalina akasimame dukani penye jiwe langu, maana siku ya kugawa jiwe peke yake halitoshi. Emiliana nikamvika gauni la Paskalina na viatu vya nyumba, vile wanavyovaa watoto kwa zamu. Njiani nikamfundisha kwamba leo jina lake ni Paskalina.

Akauliza, "Na Paskalina leo ni nani?"

Nikamwambia atazame anapokanyaga.

Tukakuta wazazi wamekaa kwenye benchi chini ya dirisha la darasa. Dirisha liko wazi, kila kitu cha ndani kinasikika. Watoto wanaingia, wanashindwa. Mmoja hakuweza kutaja siku za wiki. Mama yake, mwanamke wa Mutuka mwenye kitenge cha njano, akashusha pumzi. Nilimjua kwa sura tu, kutoka kwenye foleni. Nikaona nimsaidie. Nikamwambia, tena kwa sauti ili na wengine wafaidike, kwamba usaili haupikwi siku ya usaili, mtoto hufundishwa nyumbani. Benchi zima likanigeukia. Nikadhani wamejifunza.

Zamu yetu ikafika. Emiliana akaamkia vizuri, akajitaja Paskalina bila kupepesa, akapewa kitabu. Alikisoma kama mvua ya masika juu ya bati. Hesabu, akamaliza kabla chaki haijapata joto mkononi. Kila akipata, uso wa sista ulizidi kuanguka. Mimi nikajua ni mshangao. Nikaongeza kwamba hata Biblia anasoma, na mahali pagumu haruki.

Sista akafunga kitabu.

"Bibi, mtoto huyu ana shida gani?"

"Hana hata moja, Sista."

"Basi umemleta kufanya nini? Darasa hili ni la watoto wanaoshindwa kusoma. Ilitangazwa kanisani."

Nikakumbuka sabuni. Nikakumbuka ule upande mzima wa akina mama unavyoinuka, na mimi wa kwanza mlangoni.

Emiliana ndiye aliyejibu. "Sista, anayeshindwa yupo. Amesimama kwenye foleni ya sabuni."

Sista angenikaripia ningeshukuru. Hakunikaripia. Alinitazama kama anavyotazamwa mbuzi aliyekula sadaka, akasema nafasi zimebaki mbili, anafunga saa sita, kama ninamtaka mtoto asome nikamlete mwenyewe, yule wa kweli.

Nikamwacha Emiliana kwenye benchi, nikatoka mbio. Umri huu! Kandambili nikazishika mkononi. Watu wa barabarani wakauliza nani amefariki. Nikafika dukani jasho linaniingia machoni, na Paskalina yuko wa tatu kutoka mlangoni. Wa tatu. Harufu ya sabuni unaisikia. Nikamshika mkono nikamtoa kwenye mstari, na nafasi yetu ikazibwa kabla hatujageuka. Mtu akauliza ni msiba? Nikasema hapana, ni shule. Wakanihurumia zaidi.

Tulirudi saa sita ikikaribia. Sista akaniruhusu nikae pembeni ndani. Ili mtoto asiogope akamuuliza alikuwa anafanya nini kwenye foleni. Wajukuu, alimuuliza mtu mwenyewe. Paskalina akawataja wote waliokuwa mbele yake, mmoja mmoja kwa mpangilio, na kila mmoja alishika nini, na nani aliingilia katikati. Sista akaacha kuandika, akawa anasikiliza tu. Nikaanza kuvimba kifua. Mtoto naye akaendelea.

"Na Jumapili jiwe la bibi lilikuwa nyuma ya jiwe la yule mama wa Mutuka mwenye kitenge cha njano. Jumatatu bibi akalisogeza, likawa mbele."

Dirisha lilikuwa wazi. Kutoka nje nikasikia neno moja tu.

"Kumbe."

Nilitamani sakafu ipasuke. (Ni ya saruji, haikupasuka.)

Sista akameza kicheko, akampa mtoto ukurasa. Paskalina akaweka kidole. "Ki... si..." Akasimama. Kimya. Mimi ni mtu nisiyeweza kuvumilia kimya cha mtoto, mikono inaniwasha. Neno lenyewe naliona pale pale, ni kisima! Nikamnong'oneza maana yake kwa Kiiraqw, lugha yetu ya nyumbani. Sista, kwa Kiswahili chake kilichopigwa pasi, nilikuwa nimeshaamua ni mtu wa mbali, hatajua.

Bila kuinua kichwa akanijibu kwa Kiiraqw. Kiiraqw cha milimani Mbulu, kisafi kuliko changu. Alisema niinuke, nitoke nje, nikae na wazazi wenzangu.

Nusu ya benchi ni watu wa Mbulu. Walielewa wote, na waliobaki wakatafsiriwa. Nafasi ya kukaa ilikuwa moja, na mnajua ilikuwa karibu na nani. Yule mwanamke wa kitenge cha njano akasogea anipishe.

"Karibu, bibi," akasema kwa upole kabisa. "Usaili haupikwi siku ya usaili."

Nikakaa. Jiwe lake nililisogeza, na mtoto wake nilimsema. Nikamwomba radhi, pale pale, watu wakisikia. Akasema yameisha. Hayajaisha, lakini nilishukuru.

Kupitia dirishani nikamsikia sista anauliza, "Nyumbani ukisoma inakuwaje?"

"Sijawahi kumaliza neno, Sista. Bibi ndiye anamaliza. Akichoka, anamaliza Emiliana."

Hakulalamika. Alisema kwa sauti ile ile aliyotumia kutaja watu wa foleni. Miaka mitatu namwita mvivu, na miaka mitatu nampokonya neno mdomoni kabla halijaiva.

Halafu kimya tena. Kirefu. Nikashika ubao wa benchi kwa mikono yote miwili. Emiliana aliyesimama karibu yangu akafungua mdomo, nikamfunika kwa kiganja.

"Kisima," akasema Paskalina.

Peke yake. Lote.

Amepata nafasi, na yule mtoto wa Mutuka amepata. Sista alitoka akaniambia Jumatatu aje Paskalina, yeye mwenyewe, na akirudi nyumbani aachiwe maneno yake. Nikajibu "Ndiyo, Sista," kama mtoto wa darasa la kwanza. Sabuni tumekosa. Mkicheka, chekeni mkiwa mmegeukia ukuta.

Jioni hii, kabla chakula hakijapakuliwa, nimewaita wote jikoni nikatoa amri. Katika nyumba hii Paskalina akifungua kitabu, midomo yote inafungwa. Akikwama, mnasubiri. Maziwa yakimwagika, yamwagike. Hakuna kumwonyesha, hakuna kuguna, hakuna kumkonyeza. Yakobo akauliza, kwa heshima lakini akauliza, itakuwaje kama atakayeshindwa kunyamaza ni mimi.

Nikamwambia, "Mtaniambia nitoke nje. Na msiniogope."