Pipa la Kumwogeshea Esta

Jumatatu, 12 Julai 1954. Mwisenge, Musoma.

Barua kutoka Butiama! Kutoka kwa Esta wangu, mwalimu, mwenye cheti chenye muhuri. Nimeisoma mwenyewe bila msaada, maana na mimi nilifika darasa la pili misheni, na ningefika mbali kama nisingeolewa.

Mimba iko salama, imebaki miezi miwili. Mjukuu wangu wa kwanza! Nikaendelea kusoma. Mama mkwe wake, Lukresia wa Bunda, anataka akajifungulie kwake, na akandwe hukohuko mpaka siku arobaini ziishe. Eti Lukresia amejengewa mtambo wa maji ya moto. Pipa, paipu, na maji yanashuka mwilini kama mvua, mzazi amesimama tu. Mkwe wangu Silasi amesikia habari hiyo amefurahi sana. Jumapili wanakuja kunisalimu, ndipo Esta ataamua.

Mtambo! Lukresia huyuhuyu aliyekuja harusini na viatu vya visigino akaingia kanisani amevishika mkononi!

Mzazi wa kwanza anakandwa na mama yake. Kwetu imekuwaga hivyo. Nimejibu barua hapohapo. Nimeandika kwamba mtambo hata sisi tunao, tangu mwaka jana, ila mimi siyo mtu wa kujisifu. Dereva wa lori ameichukua.

Mume wangu Leodgar ameuliza huo mtambo uko wapi. Nimemwambia aache maswali. Una siku sita za kuwepo.

Jumanne, 13 Julai.

Nimekwenda mjini kwa fundi Twalib, yule anayetengeneza kandili na makarai. Nimempa mtetea wangu mweupe na kapu la samaki wakavu aina ya furu, naye atanipa pipa, paipu ya shaba, na kopo la maziwa lililotobolewa matundu.

Nilimweleza: pipa lifungwe vizuri juu, moto uwe chini, paipu itoke ubavuni. Akaniangalia sana. Akauliza kama ni ya kuogea kweli. Nikasema mwanangu ni mwalimu! Akasema sawa mama, yeye mwenyewe hatumii, lakini mambo ya watu haingilii.

Hatumii maji ya moto? Haya. Kila mtu na mwili wake.

Alhamisi, 15 Julai.

Siku mbaya. Pipa lilikuwa na mafuta. Nimelisugua kwa majivu na mchanga wa ziwani mpaka kucha zimekwisha. Tukawasha. Leodgar akasimama chini ya kopo, kwa kuwa yeye ndiye mume.

Alipiga kelele mpaka mbuzi wa jirani wakakata kamba. Mabega yote mekundu! Nimempaka mafuta ya nazi na kumwambia ajikaze, mjukuu siyo wangu peke yangu. Akasema Lukresia na amchukue mjukuu, na mimi anichukue.

Lakini je, kama angekuwa Esta? Nikakaa chini, nikafikiri. Akili ya Esta haikutoka hewani! Nikarudi kwa Twalib mbiombio. Ameikunja paipu mizunguko mitatu, naye ameipitisha ndani ya nusu pipa lililojaa maji baridi ya ziwa. Maji yanatoka kwenye moto, yanapita kwenye baridi, yanafika vuguvugu. Nimeyabuni mwenyewe haya. Hakuna mwanamke mwingine jimbo hili la Ziwa aliyewahi kufikiria kitu kama hiki.

Twalib alifanya kazi huku anaangalia barabarani. Ameniomba nisimtaje.

Nimezungushia mabua pande zote, juu mpaka chini. Jirani yangu Fatu ana macho, na sitaki aniige.

Ijumaa, 16 Julai.

Kumbe sifa zimeshaenea! Mzee Stanislausi amekuja, yule wa sauti nene kwenye kwaya, anayechechemea. Alinisalimu vizuri sana, akaulizia watoto, akaulizia hata kuku. Mwisho akatoa chupa tupu ndani ya koti na kuuliza kwa sauti ya chini kama kitu kimeshaiva.

Nikamwonea huruma. Mguu wake unamsumbua tangu zamani, anataka maji ya kuukanda. Nikamjazia.

Akanywa! Akanywa tena. Akasema kwa huzuni, “Shemeji, hii bado haijafika.”

Nikamwambia ni kweli, moto ulikuwa mdogo, leo nilikuwa najaribu tu. Aje Jumapili baada ya ibada. Itakuwa kali mpaka aisikie kwenye mifupa. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Mzee mwenye adabu.

Jumamosi, 17 Julai.

Kuni! Kuni zimekuwa taabu. Nimetembea tangu alfajiri kupata mzigo mmoja. Kama kesho moto ukizimika Esta akiwa na sabuni mwilini, Lukresia ataisimulia Bunda yote.

Wamekuja watu wengine wanne, kila mmoja na chupa au kibuyu. Sikujua Mwisenge ina wagonjwa wengi hivi. Nimewaambia mgeni wangu kwanza, wao baadaye. Wamesema watasubiri hata mpaka jioni.

Fatu ameniita uani. Amesema, “Mama Esta, jirani yangu, kibomoe hicho kitu. Watu wanasema.” Nikamwambia waseme. Akasema maneno yanaweza kufika bomani. Nikajibu bomani na waje, wajifunze!

Wivu ni ugonjwa. Lakini nimeongeza mabua upande wa barabara.

Jumapili, 18 Julai.

Niandike yote.

Lori lilifika saa nane. Akashuka Silasi. Akashuka Esta, tumbo mbele, amependeza kama picha. Halafu akashuka nani? Lukresia! Eti kaja kuona. Ana viatu vilevile.

Sikupoteza muda. Moto ulikuwa unawaka. Wale wagonjwa walikuwa wamekaa kando ya mabua, sasa wamefika saba, wametulia kama wako kanisani. Esta akaingia. Nikafungua maji.

Yakanyesha! Nikamsikia mwanangu akicheka huko ndani, anasema, “Mama, ni vuguvugu kabisa!” Nikamtazama Lukresia. Alikuwa anatazama viatu vyake. Kama Mungu angenichukua dakika ile ningeondoka nimeshiba.

Ndipo filimbi ikalia. Askari Makongoro kutoka bomani, kaptula imenyooshwa, rungu mkononi. Wagonjwa wangu wakaruka ua. Mzee Stanislausi na mguu wake mbovu aliwapita wote.

Makongoro akazunguka pipa, akahesabu kwa vidole. Pipa limefungwa. Paipu ya shaba imepita kwenye maji baridi. Limefichwa kwa mabua. Watu wana chupa. Akasema huu ni mtambo wa gongo, na gongo ni marufuku Tanganyika nzima.

Gongo! Mimi! Mama wa mwalimu!

Nikaelewa kila kitu mara moja: Twalib, Stanislausi, vibuyu. Makongoro akakinga kikombe. Akanusa. Akaonja. Akaonja tena. Akasema ni maji, kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa. Hata hivyo pipa lazima liende bomani, na mimi Jumatano niende kujieleza barazani.

Hapo nilifanya jambo moja. Sijutii sana. Nikamwuliza kwa nini achukue langu tu wakati mkwe mwenzangu huyu hapa analo Bunda, tena kubwa zaidi. Makongoro akatoa daftari lake.

Lukresia alipiga magoti! Akaapa kwamba hana pipa, hajawahi kuwa na pipa, hata paipu haijui. Bunda anachemshaga maji kwenye sufuria, juu ya mafiga, waulizwe majirani. Silasi akamtazama mama yake mpaka nikamwonea huruma mama wa watu. Kidogo.

Esta akatoka na kanga, mapovu kichwani. Nilifikiri analia. Alikuwa anacheka, ameshika tumbo, nikaogopa atazaa palepale. Alipopata pumzi akasema amekata shauri. Hatazalia Musoma wala Bunda. Atazalia Butiama, kwake, karibu na zahanati. Na sisi wote wawili tutakwenda kumkanda. “Kwa sufuria moja, mama zangu. Moja!”

Akamaliza kuoga kwa maji baridi ya ziwa. Mjukuu wangu hatazaliwa chini ya paa langu. Nimelia kidogo jikoni. Lukresia alinikuta, akakoka moto. Nikampa chai.

Jumatano, 21 Julai.

Wazee wa baraza wamenionya, wameniachia. Walicheka kuliko ilivyopasa. Paipu imebaki bomani. Pipa nimerudishiwa, limetobolewa kwa shoka.

Basi nimetulia. Nimejifunza. Makosa yalikuwa ni moto na paipu.

Maana Twalib ananiambia ukilipaka pipa lami, ukalipandisha juu ya bati, jua peke yake linachemsha maji. Hakuna kuni, hakuna shaba, hakuna askari! Tundu la shoka ataliziba. Na Butiama jua lipo la kutosha. Nimesikia pia kwamba Lukresia anatafuta sufuria kubwa kuliko yangu. Na atafute.

Nimemwandikia Esta asihangaike na sufuria. Nimemwambia mtambo wa jua tunao siku nyingi, ila sikupenda kujisifu mbele ya mkwe. Dereva ameichukua barua.

Leodgar ameuliza huo mtambo uko wapi. Mwanamume huyu hajifunzi kitu!