Kengele Niliyompigia Mzee Chengula

Jamani, leo nimeaibika mbele ya usharika mzima, na mbele ya ng'ombe wawili waliokuwa wakipita.

Naandika nikiwa nimejifungia chumbani. Mama yuko jikoni na jirani. Kila baada ya muda nasikia wanacheka, kisha wanajaribu kunyamaza. (Wananyamaza vibaya.)

Tuanze asubuhi. Nilipangiwa kusoma tafakari kanisani, hapa kijijini ninakoishi, milimani Iringa. Mada: huduma zote kanisani zina uzito sawa. Wiki tatu niliiandika, nikaifuta, nikaiandika tena. Ilikuwa na aya kuhusu ukungu wa alfajiri ambayo ilinitoa machozi mimi mwenyewe. Mama, anayeuza mchele Igawa, alipanda basi jana aje kunisikiliza. Miaka yote swali lake ni moja: "Hayo maandishi yako, kuna mtu anayahitaji?" Alipofika tu nikamwambia, "Mama, kesho utaona. Watu watalia."

(Yakumbukeni hayo maneno.)

Nikafika kanisani mapema, shati limenyooka, kurasa zangu kwenye bahasha. Mchungaji akanidaka mlangoni.

"Mzee Chengula bado homa imemlaza. Nenda kapige kengele ya ibada."

Mzee Chengula ndiye mpiga kengele wetu. Wanasema ameishika ile kamba tangu mimi sijazaliwa.

"Mchungaji, mimi leo ni msomaji."

"Najua. Kengele kwanza."

Nilinuna, nisiwafiche. Mtu ana kurasa nne kuhusu usawa wa huduma, anapewa kamba! (Ndiyo, sasa naliona. Wakati ule sikuliona.)

Sasa, mimi nimekulia Igawa. Kanisa letu kule lilikuwa na spika, kengele hatukuwa nayo. Hapa nimehamia mahindi yakiwa machanga. Kila Jumapili nilimsikia Mzee Chengula akiipiga haraka haraka, kama mtu anayefukuza kuku shambani, nikasema moyoni: mzee huyu hana sanaa.

Leo nikawaonyesha sanaa.

Nikavuta mara moja. Ngoo! Nikasubiri mwangwi ushuke bondeni, upande mlima wa pili, urudi umechoka. Nikavuta tena. Ngoo! Nikafumba macho. Sijawahi kuandika sentensi nzuri kama ule ukimya wa katikati. Nikapiga hivyo dakika kumi nzima.

Nilipoingia kanisani, alikuwepo Mama peke yake, benchi la mbele, kitenge kipya.

"Wenzako wako wapi?"

"Wanakuja, Mama."

Hawakuwa wanakuja. Dirishani niliwaona waliokuwa wakishuka mlima wakigeuka njiani. Wanawake walikuwa wakikaza vitenge viunoni. Kwaya iliyokuwa ikifanya mazoezi nje ilikuwa imetoweka. Mchungaji akatoka ofisini mbio, joho limefungwa nusu.

"Nani amekufa?"

"Hakuna, Mchungaji."

"Sasa umepiga nini?"

"Kengele."

Akashika kichwa. "Moja moja hivyo ni ya msiba! Ya ibada ni mfululizo! Na kijiji kizima kinajua mgonjwa ni nani!" (Tangu nihamie hapa hakuna aliyefariki; ningejuaje?)

Tukakimbia. Mama nyuma yetu, viatu mkononi.

Vilio tulivisikia kabla ya kuiona nyumba ya Mzee Chengula. Wanaume walishatoa mabenchi. Mmoja alikuwa anapasua kuni. Kwaya, sare kamili, ilikuwa inaimba wimbo wa maziko kwa sauti zote nne. Dada yake Mzee alikuwa amejitupa chini hata mlangoni hajafika. Hata ng'ombe walisimama.

Na mlangoni, blanketi mabegani, kikombe cha uji mkononi, akatokea Mzee Chengula.

"Kamwene," akasalimia kwa adabu. "Nani ametutoka?"

Mwenye shoka akalishusha taratibu.

"Wewe, Mzee."

"Mimi?"

"Kengele imelia."

"Mpiga kengele ni mimi! Sasa nimejipigia saa ngapi?"

Hakuna aliyecheka. Bado. Dada yake akainuka, akajipangusa vumbi, akamminya mashavu kama anayechagua nyanya gulioni, kisha akamchapa kofi la bega. "Umenimaliza machozi bure!"

Mzee akatazama watu wote. "Nani kashika kamba yangu?"

Nilitafuta mti wa kujificha. Uliokuwepo ndio uliokuwa unapasuliwa kuni.

"Ni huyu wangu," akasema Mama, kwa ile sauti anayoitia abiria wa mabasi wanunue mchele. "Mwandishi." Kisha akanigeukia. "Ulisema watalia. Wamelia."

Hapo ndipo uwanja mzima ulipoangua kicheko. Mzee Chengula alicheka mpaka uji ukamwagika.

Ibada ikafanyika palepale, kwa kuwa watu walikuwepo na mabenchi yalikuwepo. Nikamnong'oneza Mchungaji kuhusu tafakari yangu.

"Ile ya huduma zote kuwa na uzito sawa? Kaa tu, mwanangu. Leo imeshaeleweka."

Nikakaa juu ya gogo, bahasha mapajani. Mchungaji na mahubiri yake, kwaya na sauti zake nne, mimi na ukungu wangu: wote tulikuwa tunaning'inia kwenye kamba ya mzee mmoja mwenye homa. Nami niliiona ni kamba tu.

Mzee ameagiza nianze kufundishwa kengele kesho. Mama ameahirisha safari ya Igawa ili anitazame.

"Hiyo sasa," ameniambia, "kuna watu wanaihitaji."

Kurasa nne bado zimo kwenye bahasha, hazijasomwa na mtu. Nawaomba msicheke, nina wa kutosha jikoni. Na Jumapili ijayo mkisikia kengele, kabla hamjaanza kulia, ulizeni kwanza nani yuko kwenye kamba.